Figo ya Mapasa, sehemu ya saba: Nilikimbilia Vitani

Ile bastola haikuwekwa pale kwa ajili yangu. Komanda Thaddée aliiweka juu ya barua ili upepo wa ziwa usiipeperushe.

Najua Ijumaa iliyopita niliwaacha pabaya. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kibanda cha forodha pale Kavimvira, suti ya kuazima mwilini, barua ya madaktari wa Ubelgiji mezani, na juu ya barua bastola. Mhariri alifurahi sana. Mama mmoja wa Nyamianda, mtaa wetu wa Uvira, ameliandikia gazeti kwamba wiki nzima ameniombea. Mama, nisamehe. Siku ile hakuna mtu aliyetaka kuniua.

Kwa msomaji anayeanza nasi leo, mambo yenyewe ni mafupi. Ni mwezi wa tano, mwaka 1964. Waasi wa Simba wameuteka mji wa Uvira siku chache zilizopita. Mimi ni Venant. Pacha wangu Cyprien anasoma Bruxelles kwa msaada wa mapadri, na figo zake zote mbili zimeharibika. Kuna mashine inayomsafisha damu, lakini madaktari wamesema haitamfikisha mbali. Wanataka figo moja kutoka kwa mtu aliye hai. Mtu huyo ni mimi, kwa sababu sisi ni mapasa wa sura moja, na mwili wa mmoja haukatai nyama ya mwingine. Tiketi ya ndege kutoka Bujumbura imekwisha kulipwa. Kilichobaki ni kuvuka kizuizi cha waasi.

Sasa tuendelee.

Komanda Thaddée alikuwa moniteur, mwalimu wa shule, kabla ya uasi, kwa hiyo Kifaransa cha madaktari hakikumsumbua. Aliisoma barua mpaka mwisho, akarudi juu, akaisoma tena. Kisha akaondoa bastola, akaikunja barua vizuri na kunirudishia kwa mikono miwili.

"Pita," akasema. "Ndugu yako iko anakufa. Sisi hatukatalie muntu kuenda kuokoa ndugu yake."

Akapaza sauti, akaamuru kizuizi kifunguliwe. Nilikisikia kile kigogo kikiinuliwa. Upande wa pili wa kibanda, ndani ya kamiyoneti, gari dogo la mizigo, alikuwa ananingojea mwuguzi Ildephonse, aliyejitolea kunisindikiza, na karatasi zangu zote za safari alikuwa nazo yeye. Hatua ishirini tu, na ningekuwa njiani kwenda Bujumbura.

Wasomaji wangu, kwa wiki sita nimewaacha muamini kwamba Simba walinikamata. Wengi wenu mmewalaani katika barua zenu. Msiwalaani tena, angalau si kwa jambo hili. Hawakunikamata.

"Chef," nilimwambia, "ndugu yangu anaweza ngoja. Inchi haiwezi ngoja."

Mpaka leo sijui maneno yale niliyatoa wapi. Nilijisikia nikiyasema kwa sauti nzito, kama ya mtu anayehutubia nchi nzima uwanjani. Komanda Thaddée alinitazama. Macho yakamlowa. Akaita vijana wake akawarudishia maneno yangu, na mmoja wao akavua kofia.

Nilitolewa pale katikati ya bunduki sita. Ildephonse aliniona kwa mbali, akaelewa kama mtu yeyote angeelewa: Venant amekamatwa. Ningeweza kumpungia mkono. Ningeweza kumwita. Badala yake niliinamisha kichwa na kuweka mikono nyuma kama mfungwa, ili aende akamweleze mama hivyo. Na ndivyo alivyomweleza.

Nimefika umri wa kuitwa babu, na bado nikikumbuka ile mikono yangu niliyoiweka nyuma, natoka jasho.

Mtauliza niliogopa nini. Nitawaambia, lakini msichukue kama udhuru, maana hata mimi sijaukubali.

Tulipokuwa na miaka tisa, baba yetu alipelekwa hospitali kupasuliwa ngiri. Walimlaza usingizi kwa dawa, na hakuamka. Mimi na Cyprien tulikuwa nje ya dirisha. Tangu siku ile, harufu ya spiriti tu ilitosha kunikimbiza. Wakija wachanja shuleni, Cyprien alikuwa anapita kwenye mstari, anachomwa, anazunguka nyuma ya darasa, anabadilisha shati na mimi, anapita tena kwa jina langu. Wazungu hawakuweza kututofautisha. Mwaka mmoja mkono wake ulivimba mpaka akashindwa kushika kalamu. Hakunidai hata shukrani.

Naye alikuwepo dirishani siku ile. Alimwona baba kama nilivyomwona. Lakini kule Bruxelles, madaktari walipomwuliza kama yuko tayari kulazwa usingizi, alikubali.

Basi nikaenda vitani kwa sababu naogopa hospitali. Cheka ukitaka.

Waliniingiza katika mayi kesho yake, huku bondeni, tukiwa tumepiga kambi karibu na Lubarika. Mayi ni ile dawa yao: ukiisha kuipata, walisema, risasi inageuka maji. Mganga wao alikuwa mzee mmoja mkimya, Mathieu. Alinichanja kwa wembe kwenye paji la uso na kifuani, akapaka unga mweusi, akanimwagia maji. Yote yalikwisha kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Wembe haukunilaza usingizi.

Kisha akanisomea masharti. Usiibe. Usigeuke nyuma wakati wa kupigana. Usiguswe na mwanamke. Nilikuwa nasikiliza kama mtu anayepapasa mfukoni akitafuta ufunguo, na mwishoni nikaupata: mwenye mayi asikatwe na chuma kingine chochote isipokuwa wembe wa mganga.

Nilitaka kumkumbatia yule mzee. Sasa hata madaktari wangenifuata mpaka Lubarika, sheria ingenikinga. Nilikuwa nimepata katazo takatifu la kutopasuliwa.

Wiki ile ile tulipigana na askari wa serikali waliotoka upande wa Bukavu. Sitawachosha na vita, vitabu vipo. Nitasema tu kwamba nilikuwa mstari wa mbele na sikurudi nyuma, na jioni tulipohesabiana, vijana wawili waliokuwa kulia kwangu hawakuwepo. Wakasema walivunja masharti. Nilijua hawakuvunja lolote, nilikuwa nao tangu asubuhi.

Risasi sikuiogopa. Risasi haikuiti kwa jina, wala haikuambii vua nguo ulale hapa mezani. Lakini wenzangu hawakujua hayo. Waliona mtu asiyeinama. Komanda Thaddée akawasimulia wapya habari ya barua, na yale maneno yangu ya Kavimvira yakatungiwa wimbo. Waliuimba wakienda kuchota maji. Ndugu anaweza ngoja, inchi haiwezi ngoja. Mimi niliitikia pamoja nao.

Huku nyuma siku zilikuwa zinakwenda. Mwezi wa sita ukaingia. Nilijizuia kuhesabu.

Tarehe kumi na mbili, saa nne ya asubuhi, mlinzi akaja mbio kuniambia kuna mama kwenye kamba anauliza mtoto wake.

Kamba ile ilifungwa kutoka mti hadi mti mbele ya kambi. Wanawake waliishia pale. Ukitaka kuongea na mama yako au mke wako, unasimama hatua kumi ndani, naye anasimama nje, mnaongea kwa sauti kila mtu asikie.

Alikuwa yeye. Mama Léocadie, ambaye Nyamianda nzima inamwita Mama Mapasa. Alikuwa ametembea siku mbili kutoka Uvira. Miguu ilikuwa myeupe kwa vumbi mpaka magotini, na kichwani alikuwa na kapu.

"Mutoto wangu," akasema. "Banakupiga?"

"Hapana, mama. Hawanipigi."

Akalia kidogo kwa kushukuru, na mimi nikatazama chini.

Ndani ya kapu kulikuwa na bugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu, vifurushi viwili vilivyo sawa. Mama yetu tangu atuzae hakupika cha mtoto mmoja. Ukimpa pasa mmoja bila kumpa mwenzake, yule aliyenyimwa anaugua, ndivyo wanavyosema kwetu. Na mmoja akiwa safarini, fungu lake hupewa mgeni. Tangu Cyprien aende Ulaya, wageni wamekula sana nyumbani kwetu.

Akaweka kifurushi kimoja chini kwa ajili yangu. Cha pili akasema ni cha mkubwa wa kambi, maana amekuja kumwomba jambo.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Nilimwambia komanda hayupo. Nilimwambia ana kazi nyingi. Mama akasema atangoja. Akafungua ncha ya kitenge akanionyesha alichobeba: tiketi yangu, karatasi zangu za safari, na, chini kapuni, viatu vyangu vya Jumapili vilivyopigwa rangi. Ildephonse alimwachia vyote kabla hajakimbilia Bujumbura. Mama alikuwa amepanga kila kitu. Atamwangukia mkubwa wa kambi miguuni, mkubwa ataniachia, nami nitavaa viatu, nishuke mpaka Ruzizi, nivuke kwa mtumbwi kuingia Burundi, nipande ndege.

"Mama, rudi nyumbani," nikamwambia. "Hapa kuna hatari."

"Minye sirudi bila kuongea na ule muntu alikukamata."

Na ule muntu akatokea.

Komanda Thaddée alipoambiwa kwamba mama yangu amefika, alifunga vifungo vyote vya koti lake. Alikuja mpaka karibu na kamba, akasimama wima kama yuko mbele ya mkaguzi wa shule. Mama akaanza kupiga magoti. Komanda akamkataza.

"Mama, usipige magoti. Ni siye tunapaswa kukupigia magoti. Ulizaa mwanaume."

Mama hakuelewa. Akasema kwamba yeye ni mjane, ana watoto wawili tu, mmoja anakufa Ulaya, na dawa yake iko ndani ya mwili wa huyu. Akamwomba anihurumie, aniachie kwa mwezi mmoja, kisha atanirudisha yeye mwenyewe kwa mkono wake.

Komanda akamtazama, kisha akanitazama mimi. Alikuwa bado anatabasamu. Alidhani mama hajaelezwa.

"Lakini mama, minye nilimufungulia barabara," akasema. "Siku ileile, Kavimvira. Nilisoma barua, nikamurudishia, nikamwambia pita. Ni yeye alikatala. Aliniambia ndugu anaweza ngoja, inchi haiwezi ngoja. Hapa batu bote banaimba."

Na vijana waliokuwa karibu, wakidhani wanamheshimu mama wa shujaa, wakauimba. Wakauimba mpaka mwisho, na kupiga makofi.

Nawaapia, katika vita vile sikupata saa mbaya kama ile. Mama alisikiliza wimbo wote bila kunitazama. Ulipokwisha akawaambia asante, kwa adabu.

Kisha akaniuliza, "Ni kweli?"

"Ndiyo, mama."

Nilingoja anitukane. Ningefurahi sana angenitukana. Aliingiza mkono kifuani, akatoa bahasha yenye stempu ya Ubelgiji, akaiweka chini kwenye kamba, akarudi nyuma ili niweze kuichukua.

"Hii ilitoka kwa ndugu yako. Wachuuzi ya samaki njo baliileta kutoka Bujumbura. Iko na jina yako, njo maana sikumupatia muntu aisome. Soma. Nimetembea siku mbili, nisikie hata maneno yake."

Nikaichukua, nikarudi hatua zangu kumi, nikaifungua. Ilikuwa ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, mwandiko wa Cyprien ninaoujua kuliko wangu. Niliipitia kwa macho haraka mara moja.

Wasomaji, hapa ndipo mtu mwenye aibu kidogo angesimama. Mimi nilikuwa nimezama mpaka shingoni, na aliyezama mpaka shingoni haoni tofauti ya maji. Nikainua barua, nikasoma kwa sauti:

"Ndugu yangu Venant, nakusalimu. Mimi nimepata nafuu. Madaktari wamepata figo ya mtu mwingine na wameniambia nitapona. Mwambie mama asilie tena."

Mama akainua mikono miwili juu. Alipiga vigelegele, yule mama aliyechoka, akazunguka mahali pamoja akicheza na vumbi lake miguuni. Vijana wakacheza naye kutoka ndani ya kamba. Hata mzee Mathieu alicheka. Na mimi nikacheka pia, kwa sababu kwa dakika ile moja niliamini kwamba mambo yamekwisha, hakuna aliyekufa na hakuna aliyekosa.

Nilikuwa nimesahau jambo moja. Mwalimu akiona karatasi yenye maandishi, haachi kuisoma, hata kama ameishika mtu mwingine. Komanda Thaddée alikuwa mrefu, na alikuwa amenifuata hadi nyuma ya bega langu.

"Soma tena," akasema.

Vigelegele vikaendelea. Alisema pole pole, nikajifanya sikusikia.

"Soma tena, Venant. Soma vile iko imeandikwa."

Nikasema mwandiko ni mbaya, huenda nimekosea mahali.

"Minye nilisomesha miaka kumi na moja. Mwandiko iko muzuri. Soma, ao nitamusomea mama yako minye."

Vijana wakaacha kucheza. Mama akashusha mikono. Sikuwa na pa kukimbilia tena, basi nikasoma. Nanakili hapa kama ilivyokuwa, maana barua ile ninayo.

"Ndugu yangu Venant,

"Ildephonse ameniandikia kutoka Bujumbura kwamba Simba walikukamata. Yeye namwamini, hawezi kusema uongo. Lakini wewe nakujua.

"Madaktari walikuwa wananiuliza kila asubuhi kama ndugu yangu amefika. Kila asubuhi natafuta jibu jipya. Nilichoka, na niliona haya. Juzi nikawaambia kwamba umekufa vitani. Nilisema ulikufa vizuri. Kwa hiyo usiwe na wasiwasi, hapa hakuna atakayekuita tena.

"Padri wa wanafunzi alisoma misa ya kukuombea. Mimi nilikaa mbele, watu wakaja mmoja mmoja kunipa pole. Ilikuwa misa nzuri.

"Kuhusu mashine, wagonjwa ni wengi na mashine ni moja. Kwa kuwa sina tena mtu wa kungojea, wamesema mwisho wangu ni tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, kisha atawekwa mwingine mwenye matumaini. Sijawalaumu.

"Mama usimweleze mpaka baadaye. Na usinijibu, maana marehemu haandiki barua."

Aliweka sahihi kwa jina lake kamili, kama katika daftari la shule.

Nilikuwa nimeishika ile karatasi na sikujua niiweke wapi. Kwa mtu aliyezaliwa pamoja nami, mimi nilikuwa maiti ya heshima, na alikuwa amelipa heshima ile kwa mashine yake. Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningepata mahali pa kushika.

"Leo ni tarehe ngapi?" mama akauliza. Hakuniuliza mimi.

"Kumi na mbili," Komanda Thaddée akajibu.

Mama akahesabu kwa vidole, midomo ikichezacheza. Siku kumi na nane. Kisha akainama, akapita chini ya kamba.

Vijana walipiga kelele. Mmoja aliinua bunduki. Yeye alitembea zile hatua kumi bila haraka, akanishika kiwiko kwa mkono wake wote, akanibana mbele ya kambi nzima.

"Usimuguse," mzee Mathieu akalia. "Mama, unamuua."

"Hii mukono ilimushika siku alizaliwa, mbele ya mayi yenu," mama akasema. "Twende, Venant. Viatu vyako niko navyo."

Sheria ilikuwa wazi. Nimeguswa na mwanamke, mayi yangu imekwisha, na anayekaa kambini bila mayi anawaletea wenzake kifo. Walisogea mbali nami kama mtu mwenye ndui. Wote wakamtazama komanda.

Komanda Thaddée alikuwa ameinamisha uso. Aliona haya, na haikuwa haya yake, ilikuwa yangu iliyomwangukia. Ni yeye aliyewafundisha wimbo.

"Mayi yake imekufa," akasema mwishowe. "Kuko njia mbili. Aende na mama yake, barabara iko wazi, na hakuna muntu atamugusa. Nafungua mara ya pili. Ao Mathieu amuchanje tena, abaki. Achague yeye mwenyewe, na bote basikie."

Mama hakuniachia kiwiko.

Nilitazama upande wa mto. Kweli, nilitazama, nataka mjue. Nikaona mtumbwi, nikaona ndege, nikaona korido nyeupe na mlango wa kioo, na nyuma ya mlango meza, na mtu mwenye kitambaa mdomoni akiniambia nihesabu mpaka kumi. Nikamwona baba akihesabu. Nilijaribu kumwona Cyprien kitandani. Uso wake ni uso wangu, ningeuona kirahisi kuliko kitu chochote duniani, lakini haukuja.

Nikajitoa mkononi mwa mama. Nilitumia nguvu, maana alikuwa amenishika sana.

Nikapiga magoti mbele ya mzee Mathieu, nikampa paji la uso.

Mzee alisitasita. Alimtazama mama, akamtazama komanda, na hakuna aliyemsaidia. Akatoa wembe kwenye kibweta chake. Akachanja mara tatu juu ya makovu ya zamani, kwa hasira, kwa kina kuliko mara ya kwanza. Damu ikanishuka mpaka kwenye nyusi. Sikukunja uso. Sikupepesa hata jicho, kwa mazoea ya kutazamwa kama shujaa.

Mama alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwangu. Aliona yote. Aliuona wembe unaingia, akaniona nimetulia.

"Kumbe kisu unaiweza," akasema.

Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayejieleza jambo alilokuwa hajalielewa miaka mingi. Maisha yake yote alikuwa ananitetea kwa majirani kwamba Venant hana ubaya, ni kisu tu anaogopa, tangu kifo cha baba yake. Siku ile aliuona udhuru wangu ukifa mbele ya macho yake.

Akarudi, akapita chini ya kamba, akainama kuchukua kapu lake. Kifurushi changu cha ndagala alikiacha palepale kilipokuwa. Kifurushi cha Cyprien, kile alichokuwa amemwekea komanda, akakirudisha kapuni.

Komanda Thaddée akamfuata mpaka kwenye kamba. Akamwambia atampa vijana wawili wamsindikize njia ya Uvira, kuna askari huko chini.

"Minye siendi Uvira," mama akajibu.

Akakaza kile kitenge kiunoni, palipokuwa na tiketi yangu na karatasi zenye picha yangu. Viatu vyangu alivitoa kapuni, akavitazama, akampa kijana mmoja wa Simba aliyekuwa peku.

"Balisema banataka figo ya muntu iko mu uzima," akamwambia komanda. "Minye niko mu uzima. Unionyeshe njia ya mutoni."

Komanda alinitazama. Yeye alisoma ile barua ya madaktari, na mimi niliisoma, na ndani yake waliandika mara mbili kwamba itafaa figo ya pacha peke yake, kwamba ya mtu mwingine yeyote, hata mzazi, mwili ungeitupa. Sisi wawili tu tulijua pale kambini. Alinitazama akingoja nimwambie mama yangu mwenyewe.

Damu ilikuwa imeniingia machoni. Nilisikia nyayo za mama zikishuka kuelekea Ruzizi, na mdomo wangu ulikuwa wazi, bila kumwambia.